Efeso ya Nyanda za Juu: Vita vya Kiroho na Kinyongo cha Jirani

Mada kwa wachungaji, wainjilisti na viongozi wa vikundi vya maombi, Mbeya

 

Nimepewa mada ya vita vya kiroho. Sitatumia muda wenu kuthibitisha kwamba watu wetu wanaamini vita hivyo vipo. Utafiti wa Pew uliotolewa mwaka 2010 ulikuta asilimia 93 ya Watanzania waliohojiwa wakisema wanaamini uchawi, na wengi wao ni haohao tunaowaona Jumapili wamevaa joho la kwaya. Swali langu ni jembamba zaidi. Tukishafunga na kuomba, tukishakemea mpaka sauti zimekauka, nani hubaki na majeraha? Mara nyingi mno ni mtu: shangazi, mke mwenza, bibi mjane anayeishi peke yake mwisho wa kijiji.

Twendeni Efeso kwanza. Waraka kwa Waefeso, wenye silaha zote za Mungu, haukupelekwa kwa watu wasioujua uchawi. Efeso ulikuwa mji wa hekalu la Artemi, na sifa ya hirizi na maneno yake ya siri ilifika mbali katika dola ya Rumi. Matendo ya Mitume sura ya 19 inasimulia waumini walioleta vitabu vyao vya uganga wakavichoma hadharani, na thamani yake ilipohesabiwa ikawa vipande 50,000 vya fedha. Sura hiyohiyo ina wana saba wa Skewa, waliojaribu kutoa pepo kwa jina la mtu wasiyemjua, wakatoka mbio uchi na majeraha juu. (Nashangaa kisa hiki hakihubiriwi sana kwenye mikutano ya upako.) Watu wa mji huo, wenye hofu kama zetu, wanaambiwa na waraka ule kwamba adui yao hana mwili. Basi ukimpata adui mwenye jina la ukoo, shamba la viazi na wajukuu wanne, umegonga mlango usio wake.

Sura ya 6 ya waraka huo, yenye silaha, tunaijua kwa moyo. Sura ya 4 tunairuka, na humo, kabla ngao na chapeo hazijatajwa, ndimo jina la Ibilisi linamotokea kwa mara ya kwanza katika waraka huo. Habari yenyewe haihusu mizimu ya ukoo wala madhabahu za mababu. Inahusu hasira. Anayelala na hasira yake amempa Ibilisi mahali pa kukaa. Inayofuata ni orodha ya mambo ya nyumbani na mtaani: wizi, maneno mabaya, uchungu baina ya watu wanaochota maji kisima kimoja. Mwandishi anamaliza hayo yote ndipo anavaa silaha. Sisi tunavaa silaha tukiwa bado hatusalimiani.

Wazee wetu waliliona hili kabla ya mmisionari kufika. Nachukua mfano wa Unyakyusa kwa sababu ndiko kulikoandikwa kwa kina. Miaka ya 1930 Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi miongoni mwa Wanyakyusa, na vitabu alivyotoa Monica baadaye, kuanzia kile cha 1951, vinaeleza vita vya usiku ambavyo mkesha wowote wa leo ungevitambua. Abalosi walisadikiwa kuwa na chatu tumboni, wakitoka usiku kwa uroho wa nyama na maziwa ya wenzao. Dhidi yao walisimama abamanga, walinzi wa kijiji, waliowaona wachawi ndotoni na kupambana nao hukohuko. Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi wetu tumelisahau: nguvu ya mlinzi ilitoka palepale ilipotoka nguvu ya mchawi. Mlinzi naye alikuwa na chatu. Kilichowatofautisha ni kwamba mmoja aliitumia nguvu hiyo kwa haki, mwingine kwa tamaa yake, na kijiji kizima kilikuwa macho kuona mlinzi asigeuke.

Kulikuwa na jambo la tatu, nalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi. Waliliita pumzi ya watu: ubaridi wa maradhi uliompata mtu ambaye majirani wamemnung'unikia kwa haki, kwa mfano aliyemdharau baba yake au aliyewanyima watu wake chakula cha msiba. Dawa yake haikuwa kumfukuza mtu kijijini. Watu waliitana, wakala pamoja, na kila mwenye kinyongo akakitoa mdomoni mbele ya wenzake. Wilson anarudia hoja hiyo mara nyingi: tambiko lililofanywa huku watu wamefungia hasira vifuani halikufaa kitu. Sisemi turudi kwenye tambiko. Nasema wazee wale, bila kuisoma, walikuwa karibu na sura ya 4 kuliko baadhi yetu tuliohitimu vyuo vya Biblia.

Mwaka 1891 Wamoravian walifungua kituo cha Rungwe, na mwaka huohuo Walutheri wa Berlin chini ya Alexander Merensky wakaanza kazi katika nchi hiyohiyo, baadaye wakasonga kuelekea Ukinga, Ubena na Uhehe. Shule na hospitali tunazojivunia zina asili yake huko, na wapo wamisionari waliojifunza lugha na mila kwa heshima kubwa. Lakini kwa habari ya vita vya usiku wengi wao walipita njia ya mkato, wakasema huo ni ushirikina. Mchawi akafutwa kwa neno moja, na mlinzi akafutwa pamoja naye. Muumini akabaki na hofu yake yote, hana wa kumlinda, na kile kikao cha kutoa kinyongo kikapotea kwa sababu kilikuwa kimefungamana na tambiko.

Nafasi hiyo haikukaa wazi. Miaka ya 1960 Wahehe walisafiri kutoka Iringa hadi kaskazini mwa Malawi kwa Chikanga, mpiga ramli aliyesifika kwa kuwafichua wachawi na kuwatakasa, na mtafiti Alison Redmayne aliandika habari zao. Leo huku Mbeya na Songwe, ambayo hadi 2016 ilikuwa sehemu ya mkoa huu, tunao lambalamba, wasaka wachawi. Wanaingia kijijini, watu wanachangishwa, nyumba zinapekuliwa, pembe linafukuliwa kwenye kibanda cha mzee fulani. Polisi wanaiita kazi hiyo ramli chonganishi, na sheria ya uchawi iliyotungwa na Mwingereza mwaka 1928 bado ipo vitabuni, lakini lambalamba akishaondoka na fedha zake, ugomvi aliouacha hauondoki naye.

Na sisi je? Naomba mnivumilie hapa. Naona mtumishi wa maombezi ameketi kwenye kiti cha abamanga. Anaona ndotoni, anaamka usiku wa manane, anapiga. Kwa sehemu ni jambo jema, maana watu wana hofu ya kweli, na kanisa lililokataa kuwasikiliza liliwasukuma kwa mganga. Yesu mwenyewe hakumkabidhi yule mtu wa makaburini kitini cha katekisimu. Lakini kiti kile kina hatari zake za zamani. Watu wanajua, hata kama hawasemi, kwamba nguvu inayoweza kufungua inaweza pia kufunga. Ndiyo maana mtumishi akipata waumini wengi na gari jipya, mtaani wanaanza: yule ana majini, yule ni Frimasoni. Martin Lindhardt, mtafiti kutoka Denmark aliyekaa sana Iringa, aliandika mwaka 2009 juu ya utata huo wa nguvu. Aliandika pia juu ya chuma ulete, hofu ya wenye maduka kwamba noti ya mteja itaondoka na fedha zote za droo. Mwenye duka anayeomba juu ya droo yake simlaumu. Ila akishaanza kumkagua kila mteja usoni, amehama sura ya 6.

Kuna jambo lingine dogo. Sisi ni watu wa milimani, bahari tunaifikia kwa safari ya mchana kutwa. Hata hivyo pepo zinazotajwa kwenye mikesha yetu siku hizi zinatoka chini ya bahari na zina majina ya Kiarabu. Sehemu ya habari hizi imetoka Pwani, sehemu imetoka Nigeria kwa kanda, filamu na vijitabu kama ule ushuhuda wa Emmanuel Eni wa 1987, uliosomwa sana Afrika na wenye habari za ulimwengu wa chini ya maji. Ukifundisha kila wiki kwamba pepo ni Abdallah au Maimuna, mtoto wako atamtazamaje mwanafunzi mwenzake Mwislamu?

Kuhusu mauti siwezi kunyamaza. Utafiti wa kitaifa wa 2016–17 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, wakati wastani wa taifa ulikuwa karibu asilimia 5. Kabla dawa hazijapatikana tulizika vijana wengi sana, na familia zilipouliza ni nani aliyewaua, mara nyingi tuliwaacha walitafute jibu wenyewe. Walilipata, na lilikuwa na jina la mtu. Leo dawa zipo. Mtumishi anayemwambia mgonjwa aache vidonge kwa sababu ameombewa hapigani na giza, analitumikia. Ni vivyo hivyo kwa mama anayemleta mtoto wa degedege au kifafa: omba naye, weka mikono, kisha mpandishe bodaboda kwenda hospitali. Hakuna aya inayotulazimisha kuchagua kimojawapo.

Ninachopendekeza kwa makanisa yetu ni kigumu kidogo. Jina la mtu lisitajwe madhabahuni, wala dalili zake, wala eti "mwanamke mweusi mnene wa upande wa mama". Sisi sote tunajua kwamba kabla ya ibada kwisha jamaa wameshamtambua. Na kila anayekuja kuombewa kwa sababu ya kulogwa aulizwe swali moja kabla ya kuwekewa mikono: umekosana na nani? Atakayesema hajakosana na mtu, mpeni chai, msubiri.

Mchana tutagawanyika katika vikundi. Kila kikundi kijadili habari hii niliyoitunga. Kijana wa Uyole, duka lake limekufa, ameota mara tatu shangazi yake aliye kijijini Rungwe amesimama mlangoni na ungo. Miaka miwili iliyopita walikosana juu ya mgawo wa mashamba ya ndizi, na kwenye msiba wa babu hawakupeana mikono. Jumatano atakuja kwenye maombi na atataka shangazi apigwe. Sitaki mniambie mtaomba nini, kuomba mnajua. Andikeni ni akina nani kati yenu watakaokwenda Rungwe pamoja naye, watakwenda siku gani, nauli italipwa na nani, na shangazi akianza kutoa yake ya moyoni, nani atahakikisha kijana anakaa na kumsikiliza mpaka mwisho.