Kamba Itangulie Mtini

Ndugu msikilizaji wa Kiwangwa, sifa yetu ni nanasi, na nanasi halihitaji mkwezi. Lakini lile tawi la mwembe lililoegemea bati la nyumba je? Mnazi hupandwa kwa vidato. Mwembe mkubwa haukumbatiki, kwa hiyo kamba hutangulia.

Wengi hufunga nati ya chuma kwenye mshipi wa kuvulia, wakairusha kwa manati ya mpira wa tyubu. Nakusihi, acha. Ikinasa kwenye panda nawe ukavuta kwa nguvu, huchomoka na kukurudia usoni. Jicho halina spea.

Shona kifuko cha turubai, tia mchanga mkavu, gramu 300 hivi, ukifunge kwenye mshipi. Mshipi uweke kwenye beseni, usiuzungushe mkononi, maana ukifyatuka hukata vidole. Bembeza kifuko, kirushe. Kikivuka panda nene na kushuka upande wa pili, funga kamba nyembamba kwenye mshipi, kisha ile nene ya kupandia, uvute taratibu. Kabla ya kupanda, ning'inieni watu wawili kwenye kamba, nyayo zikikaribia ardhi, mlisikilize tawi.

Pakiwa na waya wa umeme jirani, usirushe chochote. Pigia TANESCO, usubiri.