Haki Ianzie Nyumbani



Wengi hudhani Mwalimu Julius Nyerere alianza kutetea haki mwaka 1954, TANU ilipozaliwa. Sivyo. Alianza angali mwanafunzi wa chuo cha Makerere, Uganda, alikosoma tangu 1943 hata 1945. Huko, yeye na wenzake walianzisha tawi la chama cha Waafrika wa Tanganyika, ambacho baadaye kiliitwa TAA.

Lakini angalieni neno hili. Mwaka 1944 aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake. Baba yake, Chifu Burito wa Wazanaki, alikuwa na wake 22. Naye kijana aliiona taabu ya mama zake kwa macho yake mwenyewe. Basi hakuwadai wageni haki tu. Aliwauliza na watu wa nyumbani kwake.

Nasi je? Tukiuza pamba, twamnunulia daftari mwana wa kiume, na binti twampa mtungi. Mzazi, mpe naye daftari. Mwalimu, muulize naye swali darasani. Adaiye haki mbele ya serikali, na aitoe kwanza mezani pake.