Haki ya Mtoto Haiombwi kwa Magoti
Hotuba kwa wazazi wa watoto wenye ulemavu



Nafurahi kuona hata akina baba wamefika, maana mara nyingi mikutano kama hii huachiwa akina mama. Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Leo tuzungumze jinsi ya kuufikisha uchungu huo ofisini, ukasikika.

Kila Januari jambo ni lile lile. Mama anampeleka shuleni mtoto asiyetembea vizuri. Mwalimu mkuu anasema kwa upole, "Mama, hapa hatuna mwalimu wa watoto kama huyu. Jaribu shule maalum." Mama anajibu, "Haya, asante mwalimu," anarudi nyumbani. Shule maalum iko mbali, na pesa za bweni hana. Mwaka unapita, na mwingine. Mtoto anafika miaka tisa akichunga kuku. Hakuna aliyemfukuza, lakini pia hakuna aliyemwandikisha!

Sasa sikilizeni. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule kumbagua mtoto anayetafuta nafasi, na ulemavu umetajwa humo waziwazi. Basi ukienda shuleni huendi kuomba hisani.

Lakini kujua sheria si kwenda kugombana. Mwalimu naye ana hofu yake: darasa limejaa na hakusomea kazi hiyo. Fanyeni hivi.

Kwanza, mtoto apimwe. Serikali ina vituo vya kupima mahitaji ya elimu ya watoto wenye ulemavu tangu 1984. Uliza kilicho karibu katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Hapo utapewa ripoti inayoshauri mtoto asome wapi: darasa la kawaida, kitengo maalum au shule maalum. Kuna watoto wanaofaidika zaidi na shule maalum, kwa mfano mtoto kiziwi anayehitaji walimu na wenzake wanaotumia lugha ya ishara. Lakini shauri hilo litokane na kupimwa, si kwa kutazamwa tu mlangoni.

Pili, usiende peke yako. Nenda na baba mtoto, au mzazi mwenzako. Bebeni ripoti na cheti cha kuzaliwa. Mweleze mwalimu kile mtoto anachoweza: anajivalisha, anahesabu, anajua majina ya wenzake. Kisha uliza, "Mwalimu, ni kitu gani hasa kitakachokuwa kigumu?" Mara nyingi jibu ni ngazi mbili za darasa au mlango wa choo. Ngazi hizo fundi wa kijiji anaweza kuziwekea mteremko kwa siku moja, na darasa linaweza kuhamishiwa chumba kisicho na ngazi.

Tatu, ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Wengine hubadilisha mawazo hapo hapo! Asipobadilisha, peleka barua kwa bodi ya usimamizi ya shule. Sheria hiyo ya 2013 inataka bodi iwe na mjumbe anayewakilisha watu wenye mahitaji maalum. Je, mnamjua wa shule yenu? Mkishindwa hapo, nendeni kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, halafu Bodi ya Elimu ya Kaunti. Kila barua weka nakala, na nakala yako igongwe muhuri wa tarehe. Husemwa mnyonge hana haki, lakini mnyonge mwenye nakala yenye muhuri hapuuzwi kirahisi.

Nne, kuandikishwa si mwisho. Tembelea darasa kila muhula. Anakaa wapi? Anaona ubao? Watoto wanamchekelea? Mtihani wa kitaifa ukikaribia, uliza mapema, wakati wa kusajili watahiniwa, kuhusu muda wa ziada, Braille au maandishi makubwa. Baraza la mitihani hutoa nafasi hizo, lakini shule lazima iombe.

Kabla hatujaondoka hapa, wazazi wa shule moja wakae pamoja, wachague wawili wa kusindikiza wenzao. Mzazi mmoja ni rahisi kumrudisha nyumbani. Watano wenye faili, si rahisi hivyo.

Tuanze na orodha.