Tope na Matope

Mvua ikinyesha mjini, gari likapita kando yako na kukumwagia maji ya barabarani, utafika kazini ukisema, "Nimerushiwa matope." Huenda yalikuwa maji tu yenye rangi ya udongo, lakini hakuna atakayekusahihisha. Neno hili hubeba yote, tangu maji machafu ya kidimbwini hadi ule udongo mzito unaomvua mtu kiatu.

Matope ni neno la Kibantu, halikuja na jahazi. Ukivuka kwenda Malawi utalikuta katika Kichewa, matope vilevile. Kwetu limekaa pamoja na maji, maziwa, mafuta na mate, vitu visivyohesabiwa kimoja kimoja. Ndiyo maana tope si moja ya matope kama jiwe lilivyo moja ya mawe. Asemaye tope mara nyingi analifikiria lile zito. (Lile tunda la topetope, nadhani, lilipewa jina na mtu aliyelipasua likiwa limeiva mno.)

Lakini utamu uko kwenye kitenzi. Kutopea ni kuzama na kushikwa. Fulani ametopea katika ulevi, fulani katika madeni. Wazee waliotuachia neno hili hawakutazama rangi ya maji. Walitazama mguu usiotoka.

Nililikumbuka hilo Desemba 2023. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka ikauangukia mji wa Katesh, mkoani Manyara, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Baadhi yetu tulisema "mafuriko ya Hanang", kwa mazoea. Maji ya mafuriko hupungua yakaenda zake. Kule tope liliingia majumbani na madukani pamoja na mawe na magogo, likabaki humo hadi lilipochimbwa na kuzolewa. Waliosema "maporomoko ya tope" ndio waliosema kweli, na aliyefukiwa nyumba yake alistahili kusikia msiba wake ukitajwa kwa jina lake.

Kinyume cha kutopea, kwa masikio yangu, ni kutopoa: kumnasua aliyenaswa, awe mtegoni au katika uchawi. Siku hizi silisikii sana neno hili. Pale Katesh lingefaa, maana askari na wananchi walishinda kwenye tope lile, wakitopoa.