Mama Julienne Lusenge na masaa 72
Hotuba kwa mkutano wa wanachama



Mlituomba tuseme juu ya Mama Julienne Lusenge. Wengi mnamjua juu ya zawadi: mwaka 2023 alipata Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Sawa, ni heshima. Lakini sisi tunaozunguka vijijini tunampenda juu ya namna alivyopanga kazi.

Alikuwa mwandishi wa redio. Wamama wa Ituri walimweleza walivyobakwa wakati wa vita, na hakutosheka na kutangaza. Mwaka 2000, yeye na wamama wenzake wakaanzisha SOFEPADI. Pale Bunia shirika hilo likafungua kituo cha matunzo, Karibuni wa Mama: kuna dawa, kuna upasuaji wa fistula, kuna mtu wa kumsikiliza mgonjwa. Tena wanasindikiza kesi mpaka tribinali. Muangalie vizuri: mwili unatunzwa kwanza, kesi inafuata.

Kwetu mara nyingi ni kinyume. Binti anatoka shamba akilia, jamaa inaita kikao. Siku ya kwanza wazee, siku ya pili wanahesabu mbuzi, siku ya tatu wanabishana juu ya mbuzi. Siku ya nne ndipo anafika kwa munganga. Ile dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inapaswa kuanza kabla ya masaa 72! Kidonge cha kuzuia mimba kinaenda mpaka siku tano, lakini ukichelewa kinapungua nguvu.

Na kama mimba imeshaingia? Hapa watu wanainamisha macho. Protokali ya Maputo, ambayo Kongo iliichapisha katika Gazeti Rasmi mwezi wa tatu 2018, inaruhusu daktari kutoa mimba iliyotokana na ubakaji, ao na ndugu wa damu, ao inayohatarisha maisha ya mama. Hatusemi mtu alazimishwe. Aambiwe, halafu achague mwenyewe.

Wafadhili wanauliza mchango unaenda wapi. Sehemu moja ni pikipiki ya usiku. Kuanzia mwezi huu, kila kikundi kina mama mmoja anayechunga bahasha ya nauli. Hangoji saini ya chefu wala ya bwana. Muulize jina lake leo, mbele ya kurudi nyumbani.