Asiyekuwapo na Lake Halipo

Hotuba kwa wanaharakati na waumini



Mmetuomba tuseme juu ya wanawake na uongozi wa nchi. Hatukuja kumwimbia mama sifa. Sifa hizo mmezisikia katika kila mkutano, nasi tumeona kwamba mara nyingi amsifuye mama jukwaani ndiye amnyimaye kura sandukuni. Twataka kusema juu ya jambo moja tu, nalo ni vile viti ambavyo kila Mkenya ana haki ya kuvigombea: wadi, eneo bunge, useneta na ugavana. Kwa nini mwanamke angali akiambiwa kwamba hivyo si vyake?

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1965 Grace Onyango alikuwa meya wa Kisumu, na mwaka 1969 wapiga kura wa mji huo wakampeleka Bungeni, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa mbunge katika nchi yetu. Hakutengewa kiti. Alishindana na wanaume, akawashinda.

Mwishoni mwa Februari 1992, miezi michache baada ya kifungu cha 2A kufutwa, mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi katika bustani ya Uhuru Park na kukataa chakula, wakidai wana wao wafunguliwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwapiga na kuwatawanya. Hawakunyamaza. Walipata hifadhi katika Kanisa Kuu la All Saints, wakaendelea na madai yao kwa karibu mwaka mzima. Sisi wakati huo tulikuwa watoto wa shule, lakini uhuru tunaoutumia kusema leo ulinunuliwa kwa mateso yale. Basi, uchaguzi wa vyama vingi ulipofanyika Desemba mwaka uo huo, wanawake walipata viti vingapi? Katika viti 188, walipata 6.

Mtu aweza kusema kwamba hayo yalikuwa zamani, na kwamba Katiba ya mwaka 2010 imeyamaliza. Ni kweli kwamba Katiba ilisema wazi, katika kifungu cha 81, kuwa wanachama wa chombo chochote cha kuchaguliwa wasizidi theluthi mbili za jinsia moja. Katika mabunge ya kaunti njia iliwekwa: ikiwa kura zimeleta wanaume kupita kiasi, wanawake huongezwa mpaka hesabu itimie. Lakini kwa Bunge la kitaifa hakuna njia kama hiyo iliyoandikwa. Miswada ililetwa ikaanguka, mara nyingine kwa sababu wabunge wa kutosha hawakuwamo ukumbini. Mahakama ya Juu ilitoa muda hadi Agosti 2015, muda ukapita. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kosa hilo, halikuvunjwa.

Twasema hivi tukiwa mawakili, watu tunaoishi kwa sheria: sheria peke yake haikutosha. Katika uchaguzi wa mwaka 2013 hakuna mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa gavana wala seneta. Mwaka 2017 walichaguliwa magavana wanawake 3, na mwaka 2022 wakawa 7 kati ya 47. Hayo ni maendeleo. Lakini katika maeneo bunge 290, mwaka 2022 wanawake walishinda takriban kiti kimoja tu katika kila viti kumi.

Sababu moja ni neno ambalo sote tumelisikia: "Wanawake wana kiti chao." Wenye kusema hivyo hukusudia kile kiti cha mwakilishi wa wanawake wa kaunti. Ndugu zetu, viti vile 47 viliwekwa viwe nyongeza. Havikuwekwa viwe boma la kuwafungia wanawake ndani. Hakuna mahali Katiba iliposema kwamba viti 290 ni vya wanaume.

Tena kuna suala la nyumbani. Mwanamke akigombea alikozaliwa, huambiwa aende alikoolewa. Akigombea alikoolewa, huambiwa ni mgeni. Kama hana mume, huulizwa mbona hana. Sisi tumeisoma Katiba kifungu kwa kifungu. Inamtaka mgombea awe mpiga kura aliyeandikishwa, mwenye elimu na maadili yanayotakiwa. Haimwulizi ameolewa wapi.

Turuhusuni tuungame kosa letu. Miaka michache iliyopita tulimtetea mwanamke mmoja aliyekuwa akigombea wadi. Katika kura za mchujo za chama chake, watu waliomchagua walikuwa wengi kwa macho ya kila aliyekuwapo, lakini cheti cha uteuzi alipewa mwingine. Tulipoingia katika kesi, tuliulizwa fomu za matokeo zilizotiwa sahihi. Hatukuwa nazo. Mawakala wake wawili walikuwa wametishwa wakaondoka mapema, na wa tatu hakuwa na nauli ya kufika kituoni. Kesi ikaanguka. Sisi, tukidhani twamfariji, tukamshauri aombe jina lake litiwe katika orodha ya viti maalumu. Alitutazama kwa muda, kisha akatujibu kwamba yeye hakuja kwetu kuomba kiti. Alikuja kudai kura za watu wake. Siku ile tulijua kwamba hata sisi wapigania haki tulikuwa tumelibeba lile boma mioyoni mwetu.

Kwa hiyo twawaomba mambo matatu kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027.

La kwanza, anzeni sasa, na anzeni na wadi. Katika kila mtaa wenu yupo mwanamke anayetunza hesabu za chama cha akiba bila shilingi kupotea, anayepatanisha majirani, anayejua ni nyumba ipi haina maji. Mwendeeni, mwambieni agombee. Wengi hawajawahi kuambiwa. Ikiwa ni mtumishi wa serikali, akumbuke kwamba ni lazima ajiuzulu miezi sita kabla ya uchaguzi.

La pili, linda mchujo. Huko ndiko wanawake wengi huangukia, kabla jina halijafika kwa wapiga kura wote. Changeni nauli na chakula cha mawakala, wasimame wawili wawili, wasiondoke bila fomu yenye sahihi. Na chama kikimfanyia hila, mlango wa mgombea huru uko wazi: asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi, naye apate sahihi za wapiga kura 500 kwa wadi, au 1,000 kwa eneo bunge.

La tatu ni la kanisa. Hatuwaombi viongozi wa dini wamtaje mgombea madhabahuni. Twawaomba wayakemee matusi na vitisho anavyotupiwa mwanamke kwa sababu ya uanamke wake, na wayakemee hata yanapotoka kwa mtoaji mkubwa wa sadaka. Kanisa lililowafungulia mama milango mwaka 1992 halina haki ya kuwafungia binti zao vinywa.

Waumini wanaikumbuka habari ya binti watano wa Selofehadi katika kitabu cha Hesabu. Baba yao alikufa bila mwana wa kiume, na kwa desturi wasingerithi. Hawakunung'unika hemani. Walikwenda wakasimama mbele ya Musa na wakuu na mkutano wote, wakadai sehemu yao, na Mungu akasema wana haki. Sheria ikabadilika kwa sababu walikuwapo pale ilipokuwa ikiamuliwa.

Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Yule mwanamke tuliyemtetea ametuambia kwamba atagombea tena. Safari hii amekwisha kutafuta mawakala wake, nasi tumemwahidi kuwafundisha bila malipo. Tukirudi nyumbani leo, kila mmoja wetu na ajiulize ni nani wa mtaani kwake atakayemwendea kesho.