KUSAFISHA CHUMBA CHA MAREHEMU NI KAZI YA NANI?

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Ibadakuli)



Nimeombwa niseme juu ya kazi za mjini. Nimechagua ile ambayo hakuna anayeiomba: kusafisha chumba alimofia mtu.

Huko Japani yapo makampuni ya kazi hiyo, maana wazee wengi hufa peke yao na kugunduliwa baada ya siku nyingi. Kwetu Usukumani ilikuwa kazi ya ndugu na majirani. Lakini Shinyanga ilikua kwa pamba, na kwa almasi ya Mwadui iliyogunduliwa mwaka 1940. Neema hiyo ilipopungua, vijana wengi walifuata dhahabu Kahama na Geita, wakapanga vyumba wasikojulikana ukoo. Mpangaji akifa, ndugu wako mbali. Mwenye nyumba humwita kijana yeyote, akampa ndoo, fagio na fedha kidogo.

Hapo ndipo penye hatari. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera. Wagonjwa 9, waliokufa 6. Januari 2025 ulitangazwa tena, huko Biharamulo, jirani na Geita. Safari hii wote 10 waliohesabiwa walikufa. Ugonjwa huo huambukiza kwa damu, matapishi na matandiko, hata mgonjwa akiisha kufa.

Basi shikeni utaratibu. Kifo kisichoeleweka aarifiwe afisa afya kabla ya mtu kugusa kitu. Anayesafisha avae glavu nene, buti za mpira, na kinga ya macho na mdomo. Dawa ya klorini ya asilimia 3.5 ichanganywe sehemu moja kwa sehemu sita za maji, ipatikane asilimia 0.5. Damu ifunikwe kwa kitambaa kilicholowa dawa hiyo kwa dakika 15, ifutwe, kisha pasafishwe tena. Dawa isipulizwe kwa bomba, wala isichanganywe na dawa nyingine.

Godoro lililolowa lichomwe. Hapa umaskini hubishana na afya, kwani kwa mjane godoro ni mali. Kumwamuru achome bila kumpa jingine ni kumfundisha kuficha.

Kwa hiyo napendekeza chama chetu kichange fedha za glavu, buti na klorini, vitunzwe kwa afisa afya wa kata, pamoja na akiba ya kununulia wafiwa magodoro. Marehemu tumsitiri, lakini na yule kijana mwenye ndoo tumrudishe kwa mama yake akiwa mzima.